Umri wa Mnunuzi na Bidhaa za Miaka Mingi: Ekari ya Korosho na Juma la Likizo

Tuchukue mfano wa walimu wawili wa shule moja ya sekondari mkoani Singida. Kila mmoja anataka kununua ekari moja ya shamba la korosho. Wa kwanza ana umri wa miaka 28, na ana miaka minne tu kazini. Wa pili ana umri wa miaka 58. Baada ya miaka miwili atastaafu kwa lazima na kupokea kiinua mgongo chake. Ekari zao zimepakana, udongo ni ule ule, na bei ni ile ile. Je, walimu hawa wananunua kitu kimoja?

Mtu wa haraka atajibu kwamba ndiyo, kwa kuwa ardhi haimwulizi mtu umri wake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi. Mtu anaponunua kitu ambacho faida yake hupatikana kwa miaka mingi, kwa hakika hanunui kitu chenyewe tu. Ananunua pia miaka ya kukitumia. Miaka hiyo haiwi sawa kwa wanunuzi wote. Hata hivyo tutaona pia kwamba si kila mara kijana ndiye anayefaidika zaidi.

Bidhaa ya miaka mingi ni nini?

Kilo ya vitunguu hununuliwa leo ikaliwa wiki hii. Bidhaa ya miaka mingi hulipiwa leo, lakini faida yake hufika kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Tutatumia mifano miwili, mmoja wa karibu na mmoja wa mbali.

Mfano wa karibu ni mkorosho. Kwa muda mrefu zao la korosho lilijulikana zaidi katika mikoa ya Mtwara, Lindi, Ruvuma na Pwani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2010 kilimo hicho kimeenezwa katika wilaya ya Manyoni, hasa katika shamba la pamoja la Masigati. Mkorosho huvumilia ukame, na kwa hiyo waweza kustawi katika mkoa wenye msimu mmoja tu wa mvua kama Singida. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa yapata mwaka wa tatu, mavuno huongezeka kadiri mti unavyokua, na mti uliotunzwa vizuri waweza kuendelea kuzaa kwa miaka 30 na zaidi. Ikiwa miche itapandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, kila mti huchukua mita za mraba 144. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Kwa hiyo huchukua miti 28.

Mfano wa mbali ni biashara ya likizo ya zamu. Biashara hii ilianza Ulaya katika miaka ya 1960. Kampuni ya Hapimag ya Uswisi, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1963. Nyumba moja ya mapumziko, aghalabu iliyoko pwani au milimani, huuzwa kwa watu wengi. Huyu hupewa juma la kwanza la Januari, yule juma la pili, na kuendelea, na kila mmoja hurudi katika juma lake kila mwaka kwa muda wa mkataba. Mwaka una majuma 52. Majuma mawili yakiachwa kwa matengenezo, nyumba moja huweza kuwa na wanunuzi 50. Mbali na bei ya kununua, kila mnunuzi hulipa ada ya mwaka ya utunzaji, awe amekwenda au hakwenda. Mwaka 1974 kampuni ya RCI ilianzishwa nchini Marekani ili kuwawezesha wanunuzi kubadilishana majuma yao. Biashara hii ilifika pia Afrika Kusini, ambako sheria maalumu ya kuisimamia ilitungwa mwaka 1983.

Ekari ya korosho na juma la likizo hazifanani kwa sura, lakini zinafanana kwa hesabu: fedha hutolewa leo, na faida husubiriwa.

Somo la Halley

Mtu aliyeonyesha kwa takwimu kwamba bei ya bidhaa ya namna hii haina budi kufuata umri wa mnunuzi ni Edmond Halley, mwanafalaki wa Uingereza ambaye nyota ya mkia mashuhuri imepewa jina lake. Katika miaka hiyo serikali ya Uingereza ilikopa fedha kwa raia kwa kuwauzia malipo ya maisha: raia alitoa fedha mara moja, kisha akalipwa kiasi fulani kila mwaka mpaka afe. Bei ilikuwa takriban malipo ya miaka saba, na haikutazama umri. Mtoto na mzee waliuziwa kwa bei moja.

Mwaka 1693 Halley alichapisha jedwali lililotokana na kumbukumbu za vizazi na vifo vya mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław katika nchi ya Poland. Kwa kutumia riba ya asilimia 6, alikadiria kwamba malipo hayo yalikuwa na thamani ya miaka 13.44 kwa mtoto wa miaka 10, miaka 10.57 kwa mtu wa miaka 40, na miaka 7.60 kwa mtu wa miaka 60. Kwa maneno mengine, serikali ilikuwa inawauzia vijana kitu kwa karibu nusu ya thamani yake.

Tuchukue sehemu ya jedwali la Halley na kuuliza: katika watu wa umri fulani, ni wangapi waliofikia miaka 20 baadaye?

Umri wa miaka 30: walikuwa 531, waliofikia miaka 50 ni 346, yaani 65 kwa kila mia.
Umri wa miaka 40: walikuwa 445, waliofikia miaka 60 ni 242, yaani 54 kwa kila mia.
Umri wa miaka 50: walikuwa 346, waliofikia miaka 70 ni 142, yaani 41 kwa kila mia.
Umri wa miaka 60: walikuwa 242, waliofikia miaka 80 ni 41, yaani 17 kwa kila mia.

Ikumbukwe kwamba hawa ni watu wa mji mmoja wa Ulaya wa karne ya 17, wakati hapakuwa na chanjo wala dawa za kuua vijidudu. Tarakimu hizi zisitumiwe kukadiria maisha ya mtu wa leo. Tunachojifunza ni njia ya hesabu.

Jedwali hili linasahihisha pia kosa moja la kawaida. Watu wengi husikia kwamba wastani wa umri wa kuishi nchini ni miaka sitini na kitu, wakadhani kuwa aliyefikisha miaka 60 amebakiwa na miaka michache tu. Wastani huo huhesabiwa tangu kuzaliwa, na ndani yake mna vifo vya watoto wachanga. Aliyefika 60 amekwisha kuvuka hatari hizo. Hata huko Breslau, katika kila 1,000 waliohesabiwa katika mwaka wa kwanza wa maisha, walibaki 499 tu katika umri wa miaka 34. Lakini katika wale 242 waliofika 60, watu 142, yaani zaidi ya nusu, walifika 70. Mstaafu asijihesabu kuwa amekwisha.

Hesabu ya ekari

Sasa turudi kwa walimu wetu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Bei halisi hubadilika kwa mahali na kwa mwaka. Tuseme ununuzi na upandaji ni Sh. 1,500,000. Palizi na utunzaji wa miaka mitatu ya mwanzo ni Sh. 200,000 kila mwaka. Kuanzia mwaka wa nne, baada ya kutoa gharama zote, pamoja na za kupuliza dawa dhidi ya ubwiri unga, ekari inaleta Sh. 300,000 kwa mwaka.

Gharama zote ni Sh. 2,100,000. Tukigawanya kwa Sh. 300,000 tunapata miaka 7 ya mavuno. Fedha zitakuwa zimerudi mwisho wa mwaka wa 10. Mwalimu kijana atakuwa na miaka 38. Mwalimu mzee atakuwa na miaka 68.

Hesabu hiyo ina upungufu mmoja: inadhani kwamba shilingi ya mwaka wa 20 ni sawa na shilingi ya leo. Kama fedha zingeweza kuwekwa mahali pa kuzaa riba ya asilimia 10, basi Sh. 100 za leo zingekuwa Sh. 110 mwakani na Sh. 121 mwaka wa pili. Kwa kinyume chake, Sh. 300,000 zitakazopatikana baada ya miaka 20 zina thamani ya sasa ya Sh. 44,600 hivi tu. Tukirudisha fedha zote kwenye thamani ya sasa kwa riba hiyo, tunapata haya:

Gharama: Sh. 1,997,000.
Mapato ya mwaka wa 4 hadi wa 20: Sh. 1,808,000.
Mapato ya mwaka wa 4 hadi wa 30: Sh. 2,082,000.

Kwa muda wa miaka 20, ekari ina hasara ya Sh. 189,000. Kwa muda wa miaka 30, ina faida ya Sh. 85,000. Kijana wa miaka 28 ataufikia mwaka wa 30 akiwa na miaka 58, bado yuko kazini. Mwalimu wa miaka 58 atakuwa na miaka 88. Hapo ndipo tunapoona kwamba walimu hawa, ingawa ekari zao zimepakana, hawakununua kitu kimoja.

Je, mzee asinunue? La. Mkorosho haufi pamoja na mwenyewe. Mwalimu huyu akimhesabu mwanawe, muda wa matumizi si tena wake peke yake. Aidha, anaweza kununua ekari yenye miti inayozaa tayari, hata kwa bei kubwa zaidi, na hivyo kuepuka miaka ya kungoja. Kwa hiyo swali linalomfaa si “nina umri gani?” bali ni “ni nani atakayevuna, na kwa miaka mingapi?”

Hesabu ya juma la likizo

Tuchukue sasa likizo ya zamu, pia kwa tarakimu za mfano. Bei ya juma moja pwani kwa mkataba wa miaka 25 ni Sh. 6,000,000. Ada ya utunzaji ni Sh. 200,000 kila mwaka. Asiyenunua angeweza kupanga nyumba kama hiyo kwa Sh. 600,000 kwa juma.

Mstaafu wa miaka 60 anayekwenda kila mwaka huokoa Sh. 400,000 kwa mwaka: kodi ya 600,000 asiyolipa, ukitoa ada ya 200,000. Fedha zake zitarudi baada ya miaka 15, atakapokuwa na miaka 75.

Mtumishi wa miaka 35 ana umri mdogo, na kwa hiyo ungedhani kuwa biashara hii inamfaa zaidi. Lakini mtumishi huyu hana uhuru wa wakati. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa siku 28 za likizo kwa mwaka, na siku hizo hugombaniwa na mambo mengi: msiba, kilimo, watoto wanaofungua shule. Tuseme anafaulu kwenda miaka miwili katika kila mitatu. Katika miaka hiyo mitatu anaepuka kodi ya Sh. 1,200,000, lakini analipa ada ya Sh. 600,000. Anaokoa Sh. 600,000 kwa miaka mitatu, yaani Sh. 200,000 kwa mwaka. Ili arudishe Sh. 6,000,000 anahitaji miaka 30. Mkataba wake ni wa miaka 25! Hatazirudisha kamwe.

Huu ndio msingi wa makala haya. Katika korosho, ujana ni mtaji, kwa sababu mti huzaa awe mwenyewe yupo au hayupo, mradi palizi na dawa vifanyike. Katika juma la likizo, faida hupatikana siku mtu anapokuwapo tu, na mwenye miaka mingi iliyobaki anaweza kuwa ndiye mwenye siku chache za kuwapo. Umri hufanya kazi kwa kupitia mambo mengine: miaka iliyobaki, uhuru wa wakati, kipato, na warithi.

Kwa nini watu wa umri mbalimbali huchagua tofauti?

Wanasayansi wa jamii wametoa maelezo mawili yanayofaa kukumbukwa. La kwanza ni la mchumi Franco Modigliani, mzaliwa wa Italia, ambaye pamoja na Richard Brumberg alieleza mwaka 1954 kwamba watu hupanga matumizi yao kwa kutazama maisha yote: hukopa au huishi kwa kubana wakiwa vijana, huweka akiba katika miaka ya kazi, na hutumia akiba hiyo uzeeni. Modigliani alipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 1985. Kwa Kiswahili wazo hili si geni: mchumia juani hulia kivulini.

La pili ni la mwanasaikolojia wa Marekani Laura Carstensen. Kwa maoni yake, mtu anayeona kuwa wakati uko mbele yake tele hutafuta ujuzi na mambo mapya. Anayeona kuwa wakati unapungua huchagua yale yanayompa utulivu na kumweka karibu na watu awapendao. Kwa hiyo mtu mzima anaweza kununua juma la likizo ambalo kwa shilingi halirudishi gharama, akijua afanyalo, kwa kuwa anataka kukutana na wajukuu wake kila mwaka mahali pamoja. Hesabu hazimkatazi, zinamwambia tu bei ya furaha hiyo.

Mtego wa takwimu

Tuseme wanafunzi wamehoji wanunuzi 60 wa ekari za korosho. Wamekuta kuwa 10 wana umri wa miaka 20 hadi 34, 30 wana miaka 35 hadi 49, na 20 wana miaka 50 hadi 64. Wanaandika: “Watu wa miaka 35 hadi 49 ndio wenye mwelekeo mkubwa zaidi wa kununua.” Je, ni sawa?

Si sawa, mpaka wajue katika eneo hilo kuna watu wangapi wa kila umri. Tuseme kundi la kwanza lina watu 500, la pili 300, na la tatu 100. Basi walionunua ni 2 kwa kila mia katika kundi la kwanza, 10 kwa kila mia katika la pili, na 20 kwa kila mia katika la tatu. Wazee ndio wenye mwelekeo mkubwa, ila wao ni wachache. Jambo hili ni muhimu katika nchi yenye vijana wengi kama yetu. Sensa ya Agosti 2022 iliukuta mkoa wa Singida una watu 2,008,058. Taarifa za sensa zinazogawa watu kwa umri ni chombo cha lazima kwa mchunguzi.

Hata hapo kazi haijaisha. Wazee hao wanunua kwa sababu ya umri, au kwa sababu wamepokea kiinua mgongo? Kulijua hilo yapasa kulinganisha watu wenye kipato sawa na umri tofauti. Tena, pengine si umri bali ni kizazi. Aliyezaliwa mwaka 1960 alisoma wakati wa siasa ya Elimu ya Kujitegemea, akalima shamba la shule. Aliyezaliwa mwaka 1995 alikuwa mtoto wakati utumaji wa fedha kwa simu ulipoanza nchini mwaka 2008. Huyu wa pili atakapofika miaka 60 huenda asifanye kama wa kwanza. Uchunguzi wa siku moja hauwezi kutenganisha umri na kizazi. Yapasa kuwafuata watu wale wale kwa miaka mingi.

Kabla ya kutia sahihi

Mambo haya si ya darasani tu. Mtumishi anayepokea kiinua mgongo hukipokea mara moja katika maisha, na huwa hana miaka mingine 30 ya mshahara ya kusahihisha kosa. Wauzaji wa bidhaa za miaka mingi wanalijua hilo. Kwa sababu ya malalamiko ya wanunuzi wa likizo ya zamu, nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikubaliana mwaka 1994 kumpa mnunuzi siku 10 za kujitoa katika mkataba, na baadaye siku hizo zikawa 14. Mikataba mingine haikuwa na mwisho, na warithi walijikuta wakidaiwa ada. Hapa kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Lakini sheria haimfanyii mtu hesabu zake. Basi kila mnunuzi ajiulize: Fedha zangu zitarudi mwaka gani, na nitakuwa na umri gani? Nitakitumia kila mwaka, au baadhi ya miaka? Nikifa, warithi wangu watapokea mali au watapokea ada?

Maswali ya mazoezi

1. Kwa kutumia tarakimu za Halley, katika watu 531 wa umri wa miaka 30, ni wangapi kwa kila mia waliofikia miaka 60?

2. Ekari ya mfano wetu ikileta Sh. 350,000 kwa mwaka badala ya Sh. 300,000, fedha zitarudi mwaka wa ngapi, bila kuhesabu riba?

3. Mstaafu wa miaka 60 anakwenda likizo mwaka mmoja katika kila miwili. Onyesha ni miaka mingapi itahitajika ili arudishe Sh. 6,000,000. Je, mkataba wa miaka 25 unamtosha?

4. Buni dodoso fupi la kuwahoji wanunuzi wa miche au ekari karibu na shule yenu. Ni maswali gani yatakayowawezesha kutenganisha umri na kipato?